“Mama, jiko hili ni la watu wenye sufuria”

Nina sufuria kumi na moja. Nimezihesabu jana usiku kwa hasira, nikazipanga sakafuni moja moja, kuanzia kale ka uji hadi lile sufuria la pilau linaloazimwa na nusu ya mtaa kila panapokuwa na shughuli. Nimezihesabu kwa sababu kuna kijana pale Kariakoo, muuza vyombo vya umeme, aliyenikazia macho mbele ya wateja wengine akasema, “Mama, jiko hili ni la watu wenye sufuria.”

Tulia nikusimulie, halafu wewe uamue nani mwenye makosa. Mimi mwenyewe kila siku naamua tofauti.

Jiko ni lile la indaksheni, la sahani moja, kioo cheusi juu. Nilikuwa nimechoka na gesi. Mtungi mdogo uliniishia wali ukiwa haujakauka, na duka la gesi limeshafungwa. Jirani yangu wa juu analo, nikamwona anachemsha maji ya chai kabla hajamaliza kuosha vikombe. Nikashuka Kariakoo wiki hiyo hiyo. Yule kijana siku hiyo alikuwa asali. “Karibu mama, shikamoo mama.” Akabandika sufuria yake inayong’aa, maji yakatokota tunaongea. Akaweka kiganja kwenye kioo pembeni ya sufuria kunionyesha kwamba hakiunguzi. Nikatoa laki na ishirini bila kuomba apunguze hata mia, mimi ambaye huwa nabishania bei ya fungu la mchicha.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga, kwa hiyo unaelewa nilikuwa na haraka gani ya kujionyesha. Nikabandika maji. Pii. Pii. Pii. Pakaandika E0. Baada ya kama dakika moja likazima lenyewe. Nikaliwasha tena, pii pii pii. Nikabadilisha sufuria. Nikabadilisha soketi. Nikatoa ile ekstensheni nikachomeka ukutani moja kwa moja. Nikafuta kioo kwa kitambaa kikavu, nikafuta na kitako cha sufuria. Pii. Nilipofika sufuria ya sita, mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, akasema pole pole, “Mwanangu, mbona linalia hivyo? Si ulipe linachotaka?”

Nikacheka kwa adabu. Moyoni nilikuwa nalia mimi.

Akaitwa fundi wa mtaani. Huyo hakuuliza hata swali moja, akachomoa bisibisi. Nikamwambia ukigusa tu hizo skrubu waranti imekwenda na maji, akaondoka amenuna na elfu tano yangu ya usumbufu. Usumbufu wa nani, sijui.

Basi nikalifunga jiko kwenye boksi lake, nikafunga na sufuria moja kwenye kanga kama ushahidi, nikapanda daladala hadi Kariakoo. Yule asali wa juzi hakunitambua. Nilipomweleza, hata jiko hakuligusa. Alifungua droo ya kushoto, akasogeza kitabu cha risiti, akatoa kisumaku cheusi, ukubwa wa sarafu. Akainua sufuria yangu, akakibandika kwenye kitako. Kikaanguka, tak, juu ya kaunta. Akakiokota, akakibandika kwenye ile yake inayong’aa, akaigeuza, akaitikisa. Kimeng’ang’ania. Ndipo akatoa ile kauli yake ya watu wenye sufuria, na dada mmoja aliyekuwa anachagua blenda akacheka hadi akaziba mdomo.

Linaloniuma si kwamba alikosea. Hakukosea, na hilo ndilo baya zaidi. Mtoto wa dada yangu anasoma umeme chuo cha ufundi cha VETA, jioni ile alinieleza nikaelewa ndani ya dakika mbili. Jiko hili lenyewe halina moto. Chini ya kioo kuna koili ya nyaya za shaba, na umeme unaopita humo unageuka mwelekeo zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Hapo panatokea nguvu ya sumaku, nguvu hiyo inaamsha umeme ndani ya kitako cha sufuria, na umeme huo ndio unaokitia joto. Sufuria inapata moto yenyewe, kioo kinapashwa na sufuria. Chuma kinachonasa sumaku kinapokea vizuri. Alumini hainasi sumaku, na umeme unapita ndani yake kiulaini mno kiasi kwamba joto halipatikani la kutosha. “Shangazi,” akaniambia, “hilo jiko linabisha hodi. Likikosa wa kuitikia karibu, linalia kidogo, linaondoka.”

Sawa, nimeelewa. Sasa nikuulize wewe msomaji: jikoni kwenu kuna nini? Kwangu zile kumi na moja karibu zote ni alumini, na kwa mama yangu ni hivyo hivyo, na kwa kila mtu ninayemjua. Huyo kijana amezaliwa mjini hapa hapa, uji wake wa kwanza ulichemkia kwenye alumini. Kisumaku kilikuwa kwenye droo siku ile ananiita shikamoo mama. Kuniuliza tu, “Nyumbani unapikia sufuria gani?” kungemgharimu nini?

Baadaye akataka kuniuzia sahani ya chuma ya kuweka katikati, alumini ikae juu yake. Nikanunua, ndiyo, nicheke tu. Jiko liliitambua, lakini maji yalichukua muda kuliko mkaa uliolowana, sahani ikawaka moto ikapasha na kioo, jiko likaona joto limezidi likazima. Hiyo sahani sasa naegeshea mlango.

Na siku ile ile, kwa hasira, nilikuwa nimepita duka jingine nikanunua sufuria mbili za steinlesi, nzito, zinang’aa kama kioo cha saluni. Nilijua chuma ni chuma. Kufika nyumbani, pii pii pii! Kumbe steinlesi nyingine zimechanganywa na nikeli nyingi, na hizo sumaku hainasi. Kung’aa si kigezo, uzito si kigezo. Muuzaji wa hilo duka la pili hakunitukana, lakini alikataa kuzirudisha, kwa hiyo sijui nimweke kundi gani.

Hapo ndipo mama mkwe akainuka. Nilimletea kisumaku nilichokuwa nimekitoa kwenye spika mbovu ya redio, nikamwonyesha mchezo. Akakichukua, akaanza kuzunguka nacho jikoni kama mkaguzi. Kikanasa kwenye kikaango cheusi cha chapati. Kikanasa juu ya kabati, kwenye sufuria lake la zamani la enameli, jeupe lenye maua mekundu, limemenyeka ukingoni, alilonipa nilipoolewa na mimi nikalifanya la kuwekea vitunguu. Akamwaga vitunguu, akalisuuza, akalibandika.

Kimya. Hakuna pii hata moja. Dakika chache tu, maji yanaruka. Mama mkwe hakusema kitu, alinitazama tu, akaomba majani ya chai.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka nikwambie usilinunue. Lakini tangu nipate sufuria zinazotakiwa (sasa ninazo tatu, sumaku natembea nayo kwenye pochi, wauza vyombo wa Mtaa wa Congo wameshanizoea), chai haichukui muda, maziwa hayafuriki kwa sababu ukipunguza yanatulia hapo hapo, na masizi nimesahau. Uniti za umeme wa Luku hazikupanda nilivyoogopa. Ni jiko zuri. Nasema kwa shingo upande, lakini ni zuri.

Mpaka ufike kwenye ugali.

Ugali huu wetu hausongwi kwa vidole viwili. Unakandamiza mwiko, sufuria inainama, unaivuta upande wako. Sasa hili jiko sufuria ikiinuka kidogo tu au ikitoka katikati, linadhani umeiondoa: pii! Unarudisha, unasonga, pii! Na kioo kinateleza. Kwenye mkaa nilikuwa nabana sufuria kwa vyuma, hapa unabana na nini? Mara ya kwanza ugali ulitoka na mabuje kama kokoto. Sasa mume wangu anasimama upande wa pili ameshika masikio ya sufuria kwa matambara mawili, ameinamisha kichwa pembeni kukwepa mvuke, mimi nasonga. Mama mkwe alipotuona hivyo alisema huko Tanga kazi hiyo hufanywa na mtu mmoja.

Karai la maandazi nalo lisahau hata kama ni la chuma. Kitako cha duara kinagusa kioo pakubwa kama kifungo, jiko halilioni. Na sufuria ikiwa na kitako kidogo kama cha kikombe, langu haliitambui hata sumaku ikinasa. Ile ya tatu niliyonunua ina kiduara cha chuma kilichobandikwa katikati ya alumini, nayo lazima niichezeshe mara mbili tatu ndipo ikubali.

Nyota nne kwa jiko. Hapana, tatu, kwa sababu ya ugali. Kwa duka sitoi hata moja, ingawa bei yao ni nzuri kuliko wenzao na waranti waliniandikia bila tabu. Ukienda, ni lile lenye feni zimening’inizwa mlangoni; nenda na sufuria yako kwenye kanga, na kabla hujatoa hela mwambie afungue droo ya kushoto, chini ya kitabu cha risiti.