Mkanda wa kangaruu wa mama fundi wa soko kuu, Mtwara: nyota nne kati ya tano

Mkanda wa kangaruu ni kitambaa cha kumfungia njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kifuani kwa mzazi, ngozi kwa ngozi. Nianze na bei, maana ndiyo inayoulizwa kwanza. Mkanda mmoja ni shilingi 15,000, na kofia ndogo ya pamba unapewa bure. Miwili ni 25,000. Chukua miwili, mtoto anakojoa.

Kibanda hakina bango. Ukifika soko kuu, upande wa vitenge, ulizia mama anayeshona "vya kangaruu", hata vijana wa bodaboda watakuelekeza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Baba, mtoto ana kilo ngapi?" Hakuuliza ni wa kike au wa kiume, wala ana siku ngapi. Nikamwambia kilo moja na gramu mia nne. Akachukua pakiti ya sukari ya kilo, akaiviringishia kipande cha kanga mpaka unene ukamridhisha, akanivisha mkanda juu ya shati na kuitumbukiza kifuani. "Haya, inama uokote ule uzi." Nikainama, pakiti haikusogea. "Sasa egemea nyuma, pumua kwa nguvu." Akapenyeza vidole nyuma ya pakiti, vikapita kwa shida. Akafumua mshono, akaongeza kitambaa kidogo, akashona upya huku nasubiri. Nimewahi kushonesha suti mjini hapa na sikupimwa hivyo.

Kitambaa ni pamba ya kuvutika, ile ya fulana. Kinakaza kifuani na kuachia tumboni, na hilo ndilo ninalolipia, kwa sababu njiti anapumulia tumbo. Ukingo wa juu unafika chini ya sikio la mtoto. Kichwa kimegeukia upande na kuinuka kidogo, miguu imekunjwa kama ya chura. Amevaa nepi, kofia na soksi tu. Kifua chake kwenye kifua changu. Wauguzi waliweza kuufikia mpira wa kulishia bila kumtoa.

Kwa nini nasumbuka hivi na kitambaa? Wetu alizaliwa wiki ya 31, presha ya mama yake ilipanda na madaktari wakaona asisubiriwe. Anayezaliwa kabla ya wiki ya 37 ni njiti, lakini njiti hawalingani, na ubongo ndio unaoonyesha tofauti hiyo. Katika wiki za mwisho tumboni ubongo unakua kwa kasi na kuzidi kujikunja ile mikunjo tunayoiona kwenye picha. Hata wiki ya 35 uzito wake ni kama theluthi mbili tu ya ule wa mtoto aliyetimiza miezi. Wa wiki ya 31 kazi hiyo anaifanyia nje, kwenye taa, kelele na sindano. Seli zitakazokuja kuvisha nyuzi za ubongo utando wa mafuta, ili taarifa zipite haraka, bado ni changa, na oksijeni ikipungua au maambukizi yakiingia zinaumia mapema. Mishipa midogo ya damu ndani ya kichwa nayo ni laini, inaweza kuvuja, hasa siku tatu za mwanzo. Ndiyo maana wengine hupigwa altrasaundi kupitia utosini.

Halafu njiti husahau kupumua. Sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi haijakomaa, kwa hiyo kuna dawa ya kuiamsha. Ila ukimfunga vibaya, kidevu kikaangukia kifuani, unamzibia njia ya hewa kwa mikono yako. Wodini muuguzi alikuwa akipita ananiambia, "Baba, kidevu," na kuendelea na safari yake.

Kaka yangu wa Dar alitutumia mbeleko ya kisasa yenye vifungo, Mungu ambariki, nzuri kwa macho. Kwenye karatasi yake wameandika kuanzia kilo 3.5. Wetu alizama humo akapotea. Ikae kabatini hadi ajaze mashavu.

Kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji, anatangaza mikanda ya namna hii kwa bei mara tatu, eti "inaongeza akili ya mtoto". Huo ni wizi wa wazazi wenye hofu. Kinachofanya kazi ni ngozi kwa ngozi, na kangaruu ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto hazikutosha, hakuna aliyekuwa anauza kitu. Watoto wa kule walifuatiliwa hadi wakatimiza miaka 20. Waliobebwa walionekana na utulivu zaidi na ukali mdogo kuliko wenzao. Utafiti uliotoka 2021, Tanzania ikiwa moja ya nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kwamba kumbeba mapema, bila kusubiri atengemae, kunapunguza vifo kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema abebwe saa 8 hadi 24 kwa siku. Saa 24! Hapo ndipo baba, bibi na shangazi wanapohitajika, na ndipo mkanda usioumiza mabega unapolipa pesa yake.

Nyota moja nimeikata kwa sababu hizi. Joto la Mtwara la Novemba halina mchezo, na pamba ile ikilowa jasho ni nzito; nilitoka harara kifuani. Mama mkwe, aliyempokea mjukuu zamu yake huko Newala kwenye baridi, hana lawama ya joto, yeye analalamikia maji, maana kule juu ndoo inahesabiwa na mkanda unataka kufuliwa kila mara. Na ule mwekundu unachuja rangi. Chukua mweupe.

Mkanda hauchukui nafasi ya kliniki. Wetu bado anapelekwa, anaangaliwa shingo, mikono, macho na masikio, na maendeleo yake hatuyahesabu tangu siku ya kuzaliwa bali tangu tarehe aliyopaswa kuzaliwa. Majirani wanauliza mbona hajakaa. Kwa hesabu ya daktari hajachelewa, na kama angekuwa amechelewa ningetaka kujua sasa, mazoezi yaanze akiwa mdogo.

Ijumaa mchana mama fundi hufunga kwa ajili ya swala, usipoteze nauli. Wenye pacha wapeleke oda siku moja kabla. Wa pacha ni 20,000, nimeuona umening'inia lakini sijauvaa.