Uzoefu wangu na Duplicati: programu ya nakala rudufu niliyoichagua nyumbani

Ninaishi Uyole, Mbeya, ambako msimu wa mvua huja na radi pamoja na umeme wa kukatikakatika. Mwaka juzi, umeme ulipokatika na kurudi mara tatu jioni moja, diski ya kompyuta yetu ilikufa na hesabu za misimu minne ya viazi, pamoja na picha za marehemu mama. Fundi aliisikiliza ikigonga ndani kwa ndani, akanirudishia bila kunidai hela. Picha zile bado zinaniuma.

Kompyuta mpya nilianza kuilinda kwa File History iliyomo ndani ya Windows, ambayo kwa mpangilio wake wa kawaida hunakili kila saa mafaili yaliyobadilika na kuyaweka kwenye diski ya nje. Kwa anayehofia kufuta faili kwa bahati mbaya, inatosha. Lakini diski yangu ilikaa mezani, imechomekwa muda wote, kwa hiyo radi ikipiga au mwizi akiingia, vyote viwili vinaondoka pamoja.

Ndipo nikahamia Duplicati, ambayo ni ya bure. Hufunga data kwa usimbaji wa AES-256, yaani huificha isisomeke bila nywila, kabla haijatoka kwenye kompyuta, huikata vipande vya MB 50, kisha huvipeleka unakotaka. Vyangu huenda kwenye diski ya nje na kwenye GB 15 za bure za Google Drive, hifadhi ya mtandaoni. Mara ya kwanza ilikula bando sana, nikaigawa kwa usiku kadhaa nikianza na folda ya hesabu. Baada ya hapo hupeleka sehemu zilizobadilika tu, na kwetu tunaonunua bando la wiki, hilo ndilo lililoniamulia.

Ifahamike kwamba nakala hizo hazifunguki kwa kubofya tu: unahitaji programu yenyewe na nywila, na nywila ikipotea, zimepotea nazo. Yangu imeandikwa kwenye daftari analolitunza kaka yangu, Iringa.

Huko ndiko nilikoijaribu kwa kweli, mwezi Desemba. Niliisakinisha kwenye kompyuta yake, nikaingiza nywila, nikaomba folda moja. Faili la viazi lilifunguka likiwa na sahihisho nililoliandika usiku wa kuamkia safari: magunia 41, si 14. Kaka akaniomba nimwekee na yeye kabla hatujala.