Tahadhari: spea za breki nilizouziwa Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi 450,000 zilikaribia kutuua kwenye mteremko wa Kitonga

Ndugu zangu wenye magari ya umri mkubwa, nimekaa na jambo hili wiki mbili kabla ya kuliandika, kwa sababu mtu ambaye ninyi wenyewe humpigia simu kumuuliza habari za spea, kukiri kwamba naye amepigwa mchana kweupe si kazi nyepesi.

Gari langu ni Toyota GX100 la mwaka 1998, na sikuwa tena na uvumilivu na breki zake. Paipu za chuma zilikuwa zimeliwa na kutu hadi fundi akizikwangua kwa ukucha zinapukutika, mipira ya breki, inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, ina nyufa, na pedi zimebaki nyembamba kama sarafu. Niliamua kubadilisha vyote kwa mkupuo mmoja kabla ya safari ya Njombe, tena kwa vitu bora kuliko vya mwanzo: paipu za shaba iliyochanganywa na nikeli, ambazo hazishikwi na kutu, pamoja na pedi za daraja la juu.

Kijana wa duka la spea pale Gerezani alinipokea kwa shikamoo ya adabu, akanivutia kiti cha plastiki, akaniagizia chai ya tangawizi. Nilipoomba pedi za mbele, alitoa boksi la shilingi 25,000, akaliweka kaunta, na kabla sijalishika akalirudisha rafuni huku akisema, "Mzee wangu, hizi sikuuzii. Hizi nawapa madalali wa magari, wanafunga, wanauza, wanapotea. Wewe una familia." Hapo ndipo nilipokwisha. Muuzaji anayekataa fedha yako, nani angemshuku?

Alipanda ngazi mwenyewe, akashuka na boksi lililofungwa kwa nailoni, lenye jina la kampuni kubwa ya Kijapani na stika inayometameta kama mgongo wa samaki juani. Akanipa sarafu niikwangue ile stika, namba zikatokea, akazituma kwa ujumbe wa simu, na jibu likarudi papo hapo kwamba bidhaa ni halali. Simu yake, ndugu zangu, wala si yangu. Nilivaa miwani nikausoma ule ujumbe mara mbili, nikaridhika.

Wakati huo huo akaingia mtu mwenye ovaroli iliyojaa grisi, akaomba "zile zile za jana", akahesabu noti zake na kuchukua boksi kama langu. Nilimuuliza zikoje, akanijibu kwamba amezifunga kwenye magari manne na hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Sasa naelewa kwa nini hawarudi.

Kwenye paipu alifanya vituko zaidi. Alikata kipande cha urefu wa kidole, akakipinda na kukinyoosha, akanitia mkononi: "Hii hata ukiizika ufukweni utaikuta hivi hivi." Kilikuwa chekundu, kinang'aa, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba mchanganyiko ule ni takriban asilimia 90 shaba, wekundu wake ulinithibitishia badala ya kunitia shaka. Elimu yangu ndiyo iliyonimaliza, na hilo linaniuma kuliko fedha. Pedi za mbele na nyuma zilikuwa shilingi 175,000, mipira minne 160,000, paipu 110,000 na chupa mbili za mafuta ya breki 30,000. Akanipunguzia 25,000 "za soda ya mama". Nililipa kwa simu kwa namba aliyonitajia kwa mdomo, likatokea jina la mwanamke, akasema ni dada yao wa mahesabu.

Kwenda Njombe hatukupata tabu, kwa kuwa mlima wa Kitonga, kule Iringa, ukienda unaupanda. Tuliporudi ndipo tuliposhuka, gia ikiwa 2, wala sikuwa nimeegemea breki kama wanavyodai baadhi ya watu niliowasimulia. Nyuma ya lori la mbao, harufu ya plastiki inayoungua ikajaa ndani, na pedali ikaanza kuzama taratibu hadi sakafuni, kama mguu uliokanyaga tope. Mama Neema, mke wangu, ambaye safarini haishi kuzungumza, alinyamaza kimya. Nilishusha gia hadi L, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, nikaliingiza tairi la kushoto mtaroni, na gari likasimama.

Fundi tuliyempata Ruaha Mbuyuni alilifungua katikati ya magunia ya vitunguu. Alipochomoa pedi ya kwanza, kile kinachosugua disiki kilibanduka kikabaki kiganjani mwake, bamba la chuma likabaki kwenye kalipa. Akaniambia nikanyage pedali huku yeye ameshika mpira, ukavimba kama koo la chura. Alipofungua nati ya paipu, mdomo wa paipu hiyo ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, fundi akanitazama kwa huruma na kusema, "Mzee, hii ni kopa ya friji." Yaani ni paipu ya jokofu, ya shaba tupu isiyo na nikeli, na shaba tupu kadiri inavyotikiswa huwa ngumu, kisha hupasuka, na breki iliyokanyagwa kwa nguvu hubeba msukumo unaoweza kupita bar 100.

Niliporudi dukani, kijana alinidai risiti. Karatasi yake ya mkono ilikuwa na neno "vifaa" na jumla tu, haina hata jina la duka. Akasema hanijui. Chai alininunulia, lakini hanijui!

Mtu huyu faini haimtoshi. Malalamiko nimeyapeleka Tume ya Ushindani, ambayo husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na kwa sababu hiyo jina la duka siliandiki hapa. Lakini kuteketeza maboksi yake hakutanipoza. Nataka afungiwe pedi zake mwenyewe kwenye gari, aketi mbele, yule wa ovaroli aketi nyuma, wateremshwe Kitonga wakiwa na shehena.

Dalili za spea bandia ni hizi: mpira halali wa breki huandikwa mwilini, jina la mtengenezaji na mara nyingi alama ya viwango, SAE J1401 au DOT, na yangu haikuwa na herufi hata moja. Namba ya pedi ilikuwa ya kubandikwa, haikugongwa kwenye bamba. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakunipa. Na stika kwangueni, lakini ujumbe tumeni kwa simu zenu wenyewe, kwa namba mliyoipata kwingine, kwa sababu mwizi huyu na genge lake wamejipanga kuliko benki, na wanastahili jela, wote, pamoja na huyo dada wa mahesabu.

Jana jioni nilipita pale. Kwenye kile kiti cha plastiki alikuwa ameketi mzee mwingine, glasi ya chai mkononi, anakwangua stika. Niliingia nikamwambia asilipe, kijana akacheka, akamwambia kwamba mimi ni mshindani wake wa duka la jirani. Yule mzee alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akatoa simu yake akalipa.