Skyrim, miezi mitatu: nilivyompigania Ulfric na bado sijalala vizuri

Diski niliinunua shilingi 800 kwa jamaa mmoja hapa Kisumu anayeuza gemu za mitumba. Aliapa haina mkwaruzo. Mikwaruzo ipo, lakini inasoma, nimemsamehe. Gemu yenyewe ilitoka Novemba 11, 2011, kwa hiyo sikuletei habari mpya. Nakuletea ugomvi.

Kwenye vibanda vya gemu vya Kondele ni mpira tu. Ukiweka gemu ya mtu mmoja kuzurura porini kwa saa nne, wenzako watakutoa kwa shati. Nimeichezea nyumbani Manyatta, kwenye PlayStation 3 iliyochoka, binamu yangu wa Kakamega akiwa kando anangoja zamu. Watu husema ni gemu ya kuua majoka. Majoka yapo, kweli, na hatujawahi kubishana juu yao hata siku moja. Tunabishana juu ya serikali.

Unaanza ukiwa kwenye mkokoteni wa farasi, mikono imefungwa. Mmoja wa mliobebwa pamoja ni Ulfric Stormcloak, kiongozi wa waasi, naye amezibwa mdomo kwa kitambaa, maana sauti yake ndiyo silaha. Mkifika Helgen askari wa Dola inayoitawala nchi anasoma majina ya wa kuuawa. Lako halimo. Anamuuliza kapteni afanyeje, na kapteni anamjibu aachane na orodha, wewe nawe upelekwe ukakatwe kichwa. Mimi niliyewahi kupanga foleni tangu alfajiri nikaambiwa jina halionekani, Dola nilianza kuichukia hapo hapo. Joka likashuka, mji ukawaka, na katika zile mbio unachagua wa kumfuata: Ralof, muasi wa Stormcloak, au Hadvar wa Dola, yule askari wa orodha. Nilimfuata Ralof bila kufikiri. Binamu alipoanza yake akamfuata Hadvar. "Omera, ndiye pekee aliyejali kwamba jina halipo," akasema. Sikuwa na jibu, nikaongeza sauti ya TV.

Kwa asiyejua: Dola ilipigana na Thalmor, elfi (viumbe wa hadithi wenye masikio marefu) wenye dharau, na mwaka 175 wa Enzi ya Nne ikatia sahihi mkataba uliopiga marufuku kumwabudu Talos, binadamu aliyegeuka mungu. Wenyeji wa Skyrim, ndiyo nchi ya gemu hii, Wanord, wakaona wameuzwa. Ulfric akamuua Mfalme Mkuu Torygg, na kufikia mwaka 201, gemu inapoanza, nchi imegawanyika. Kila jimbo, na yako tisa, lina jarl wake. Mfikirie kama gavana ambaye hapigiwi kura.

Sasa kosa langu. Nilipounda mhusika nilichagua Dunmer, kabila jingine la elfi, kwa sababu tu ya macho mekundu. Nikatembea hadi mji wa Windhelm kujiandikisha kwa Ulfric, na langoni tu nikawakuta wanaume wawili wamemzunguka mwanamke Dunmer, wanamfokea kwamba watu wake wamekuja kula bure na hawapigani vita. Mama alikuwa ameketi nyuma yangu anachambua sukuma wiki. Maandishi ni madogo na miwani yake ilikuwa chumbani, akauliza, "Huyo anamwambia nini huyo mama?" Nikamtafsiria. Akanyamaza kidogo, akabeba sufuria yake akaingia jikoni.

Nilizaliwa Nakuru. Januari 2008 tulipanda lori kuja huku nikiwa na miaka minane. Sitasema zaidi ya hapo, hii ni tathmini ya gemu.

Nilijiandikisha hata hivyo. Mmoja wa wale wafokaji anaitwa Rolff, na Galmar, mkono wa kulia wa Ulfric, ni ndugu yake. Galmar akaniuliza kwa nini mtu asiye Mnord anataka kuipigania Skyrim. Swali zuri. Nilijiambia kwanza uhuru, mambo ya Gray Quarter, ule mtaa wa Wadunmer, tutayarekebisha baadaye. Binamu anapenda kunirudishia sentensi hiyo kwa sauti ya mwanasiasa aliye juu ya gari.

Kilichonichoma zaidi ni mji wa Whiterun. Jarl Balgruuf hakuwa na upande. Ndiye aliyenipa cheo cha kwanza, akanipa na mlinzi, Lydia. Ulfric akanituma nimpelekee shoka, yaani amani au vita, na Balgruuf akalirudisha, maana yake vita. Nikarudi na jeshi. Nilipanda ngazi za jumba lake nikiwa na upanga mkononi, ngazi zile zile nilizopanda kupokea cheo, nikapigana naye hadi akasalimu amri. Padi ya gemu niliiweka chini, nikatoka nje kununua maziwa ambayo hayakuhitajika.

Kisha binamu akapata ile faili. Ukiingia ubalozi wa Thalmor unakuta jalada la Ulfric: waliwahi kumteka na kumtesa, na vita hivi wanavitaka viendelee. Hawataki Ulfric ashinde wala Dola ishinde. Aliisoma akiwa amesimama, mara mbili. Nami nikamwambia hata kama ni hivyo, marufuku ya Talos ilitiwa sahihi na nani? Akaketi. Hapo ndipo gemu hii inawazidi wenzake wengi: kila ukidhani umeshinda hoja, kuna karatasi droo nyingine.

Kuna pia kikao cha amani juu mlimani High Hrothgar, kama vita havijaisha, ambapo pande mbili zinagawana majimbo ili wewe ukashughulike na joka kuu. Sisi tunakiita nusu mkate, kama ile serikali ya Kibaki na Raila, na kila aliyekuwa na akili mwaka 2008 anaelewa bila kufafanuliwa.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeibana kwa sababu nilimshindia Ulfric vita vyote, nikarudi Windhelm nikiwa shujaa mwenye macho mekundu, na Gray Quarter ni ile ile. Binamu kwake, Dola iliposhinda, mji ulipewa Brunwulf Free-Winter, Mnord anayewatetea Wadunmer. Hilo hunikumbusha kila Jumapili.

Jumamosi anaondoka na diski kwenda nayo Kakamega. Nimemwambia aanze upya, amfuate Ralof hadi mwisho, na akirudi bado anaitetea Dola nitamnunulia samaki mzima pale Dunga. Mama amesema na yeye atakuja, lakini tusizungumzie gemu mezani.