Kozi ya kutafakari niliyofanyiwa jela: "kwani mna haraka ya kwenda wapi?"

Nyota nawapa mbili. Ngoja, moja.

Nilikuwa ndani, miaka kadhaa sasa imepita na kesi yenyewe siielezi hapa, siku moja afande akaja wadi akasema kuna kozi ya meditesheni na kujiendeleza, anayetaka aandikishe jina. Wengi tuliandikisha sababu tulisikia kuna soda. Soda haikuwepo. Tukakalishwa chini na kunguru zetu, yaani sare za jela, mwalimu akaingia na wageni na kamera, akasema tufunge macho.

Sasa kama hujawahi kulala kwa wadi iliyojaa hutaelewa hilo neno lina uzito gani. Ndani hufungi macho ovyo ovyo, ukifunga slipa zimeenda, sabuni imeenda. Watu wakawa wanachungulia, mzee mmoja kando yangu akakataa kabisa, na huyu mwalimu badala ya kumuuliza mzee kuna nini, akacheka akasema, "Fungeni tu, kwani mna haraka ya kwenda wapi?" Wageni wakacheka. Afande naye.

Jameni. Hiyo kauli nililala nayo wiki nzima, naamka nayo, nakula nayo ugali. Mtu umekuja kunifundisha utulivu halafu unanitania na kifungo changu?

Wiki iliyofuata alichelewa, hata hatujapumua vizuri kaba ikaitwa, tukakimbia kuchuchumaa watano watano tuhesabiwe, kurudi tukakuta ameshaondoka. Ati somo limeisha.

Nilipotoka nikasoma habari za Tihar, jela ya Delhi kule India, mwaka 1994 wafungwa zaidi ya elfu moja walikaa pamoja kozi ya Vipassana, aina ya meditesheni ya kimya, siku kumi, kuamka saa kumi alfajiri, hakuna kuongea, siku tatu za kwanza kazi ni kufuata pumzi tu. Halafu Marekani, gereza la Donaldson huko Alabama, wakaifanya 2002 na walimu walilala humo humo ndani na wafungwa. Wangu sikutaka alale. Angengoja tu kaba iishe.

Kilichotuokoa tulikibuni wenyewe, mmoja anabaki macho wazi analinda vitu, wengine wanafunga, kesho zamu ya mwingine. Yule mzee nilimwambia, baba funga, slipa zako niko nazo. Akafunga. Akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikaogopa amelala, kumbe machozi. Hilo kwenye kamera yao halimo.

Na cheti je? Jina la gereza limeandikwa kubwa kuliko jina langu, sasa hicho nimpelekee mwajiri gani? Kiko chini ya godoro.

Lakini, na hapa ndipo hasira inanipanda kabisa, hiyo kitu inafanya kazi. Juzi narudi nyumbani nakuta keateka, mwangalizi wa nyumba, ametia kufuli mlangoni kwangu kwa deni ambalo nilishalipa, risiti ninayo, na anaongea na mimi vile watu huongea na mtu aliyewahi kufungwa. Ngumi ilikuwa tayari. Nikajipata nahesabu pumzi, moja, mbili, mpaka kumi, narudia. Sikumgusa.

Na sauti iliyokuwa ikihesabu kichwani ni ya huyo huyo mwalimu, bure kabisa yeye.

Haya, tatu.