Uzoefu wangu: kitufe cha chemsha bongo si mashine ya kusaga

Nianze kwa kutenda haki kabla sijawaka. Kipindi chenyewe ni kizuri. Ni ile chemsha bongo ya washiriki wanne, kila mmoja na meza yake na kitufe chake, anayewahi ndiye anayejibu. Jina silitaji. Nikiwa sebuleni kwangu na kikombe cha chai, nakipa alama nne kati ya tano, na hiyo moja nawanyima kwa ajili ya matangazo yao yasiyokwisha. Lakini mimi nimekaa nyuma ya pazia tangu alfajiri mpaka usiku, na ya huko hayafiki sebuleni.

Nina kibanda cha steshenari Morogoro, jirani na shule ya sekondari. Nadurufu, nachapa, nauza kalamu na bahasha. Kila karatasi inayopita kwenye mashine yangu naisoma ikiwa bado ya moto: mitihani ya zamani, notsi za jiografia, historia ya kidato cha pili, hata mikataba ya viwanja ya watu, Mungu anisamehe. Kwa hiyo kichwa changu kimejaa vitu visivyo na soko. Reli ya TAZARA ina kilomita 1,860. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Shaaban Robert alizaliwa 1909. Nani atakununulia hivyo? Wanafunzi ndio walionijazia fomu ya kushiriki, wakanicheka, wakasahau. Mimi nilikuwa nimesahau pia mpaka simu ilipoita.

Usaili ulikuwa kwa simu. Maswali mengi, ya haraka haraka, halafu mwishoni wakaniambia niwasimulie jambo moja la kuchekesha lililonipata. Nadhani hilo ndilo walilokuwa wanalitafuta tangu mwanzo. Nikawasimulia ya bwana mmoja aliyeleta barua ya mapenzi nimchapie nakala nne. Nikapita.

Baada ya siku kadhaa ukaja ujumbe: njoo na nguo tatu za kubadilisha, zisiwe na mistari, zisiwe nyeupe tupu, zisiwe kijani, zisiwe na nembo ya kampuni yoyote. Na walieleza sababu, nawasifu. Mistari myembamba inacheza kwenye kamera kama maji yanayotetemeka. Nyeupe inamulika. Kijani inaliwa na pazia la nyuma. Nembo ni tangazo la bure. Nikaenda kwa fundi, nikashonesha gauni la kitenge, la buluu na njano, na nyingine mbili nikazitoa kabatini. Shikeni hapo kwenye kitenge, nitarudi.

Nikapanda SGR jioni ya siku iliyotangulia, nikalala kwa shangazi Tabata, na saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa getini. Wakachukua simu zetu wakazitia kwenye bahasha zenye namba. Wakatusainisha kwamba hatutasema matokeo mpaka kipindi kirushwe (kimesharushwa, ndiyo maana naongea). Wakatuweka kwenye chumba chenye kiyoyozi cha kufungia samaki, na humo mtu haendi hata msalani peke yake. Binti anakusindikiza, anakungoja mlangoni, anakurudisha.

Wengine walinuna. Mimi sikununa, kwa sababu najua inatoka wapi. Mtaani watu wameniuliza, "Si huwa mnapewa majibu kabla?" Hapana, hatupewi, na kusindikizwa msalani ndiyo dawa yake: usije ukakutana kwenye korido na mtu aliyeshika maswali. Wamarekani waliwahi kufanya uchafu huo miaka ya 1950. Kipindi chao cha Twenty-One kilikuwa kikiwapa watu majibu na kupanga nani ashinde na nani aangushwe, mpaka bunge likaingilia, na mwaka 1960 ikatungwa sheria ya kupiga marufuku. Na Waingereza nao wana ya kwao: Meja Charles Ingram, mwaka 2001, alijibu mpaka akafika pauni milioni moja, kumbe kuna mtu studio anamkoholea kwenye jibu sahihi. Mahakama ikamtia hatiani 2003. Kwa hiyo kile kiyoyozi kilipoanza kunikohoza na kijana mmoja mwenye hedifoni akanigeukia kwa jicho, nilimwelewa kabisa. Nilimwelewa kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Huyo kijana mwenye hedifoni mkae naye, ndiye sababu ya andiko hili.

Kwa siku moja wanarekodi vipindi vitatu. Chetu kilikuwa cha mwisho. Mwendesha kipindi anabadilisha koti tu, anarudi anasema "kama mlivyoona wiki iliyopita", na wiki iliyopita ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Watazamaji nao wanahamishwa viti ili sura zisijirudie. Kabla ya yote anasimama mtu mbele yao, anapunga karatasi, wanapiga makofi ya bure, wanacheka kicheko cha bure, vyote vinahifadhiwa. Mimi haya yalinifurahisha sana, sisemi uongo. Nilijisikia kama mtoto aliyeonyeshwa ndani ya redio.

Sasa kitenge. Mchana, tunaitwa kwenda kuzoezwa kwenye meza zetu, mama wa mavazi akaninyooshea kidole. Gauni halifai. Nikamwambia ujumbe ulisema mistari, na kitenge hiki hakina hata mstari mmoja, kina maua. Akasema maua yamejaa mno, yatacheza vilevile. Basi nitoe la pili. La pili lina kola nyeupe. La tatu limekunjamana. Nikapelekwa kwenye chumba kingine nikavalishwa koti la zambarau ambalo mshiriki wa kipindi cha kwanza alikuwa amelivua saa chache tu nyuma, na sitalieleza zaidi, mnajua Dar na joto lake. Wakalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Vibanio vya kuanikia! Mbele nadhifu kama karani wa benki, nyuma kamba ya nguo.

Niliporudi studio, mazoezi yameisha. Wenzangu watatu wamesimama kwenye meza zao wamefundishwa wapi pa kutazama, namna ya kujitambulisha, na habari za kitufe. Nikamfuata kijana mwenye hedifoni. Tangu alfajiri alikuwa hajanipa hata shikamoo, na sikumdai, kazi ni kazi. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi sikuwepo mlipokuwa mnaelekezana. Hiki kitufe kinakwendaje?"

Hakunitazama. Akainua kidole kimoja kunisubirisha, akaongea na hedifoni yake, akacheka na huyo wa kwenye hedifoni, kisha akasema, "Mama, bonyeza tu. Hiyo siyo mashine ya kusaga."

Wenzangu wakacheka. Si sana, ila walicheka.

Mimi ninaendesha mashine mbili za kudurufu, moja ya kulaminetia na kompyuta yenye umri wa kijana huyo. Nimezifungua, nimezisafisha, nimezitoa karatasi zilizonasa kwa kibanio cha nywele. Lakini hilo liache. Mashine ya kusaga nayo naijua, baba alikuwa nayo kijijini. Ukimwaga mahindi kabla injini haijashika kasi, inazima. Unawasha, unasubiri, unasikiliza sauti ibadilike, ndipo unamwaga. Na kitufe chao, nilikuja kujua nikiwa nimeshachelewa, ni hivyo hivyo! Kinafungwa mpaka mwendesha kipindi amalize kusoma swali. Kuna mtu kwenye meza ya nyuma anakifungua, kitaa kidogo chekundu kinawaka pembeni mwa ubao, na hapo ndipo unabonyeza. Ukiwahi, kinakugomea kwa kitambo, na mwenzako aliyesubiri anakupita. Kijana angeniambia tu, "Ndiyo mama, ni kama mashine ya kusaga," leo ningekuwa ninaandika mengine.

Tukarekodi saa tatu usiku. Swali la kwanza: mwaka 1974 mjini Christchurch, Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mbio za mita ngapi? Nilibonyeza kwenye neno "Bayi". Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Bwana wa shati la buluu, ambaye chumbani alikuwa ameniuliza kama Bayi ni mchezaji mpira, akasubiri swali liishe, akabonyeza taratibu, akabahatisha "Elfu moja na mia tano". Makofi.

La pili: TAZARA inaishia mji gani Zambia? Hilo mimi nimelidurufu. Nimelidurufu! Kapiri Mposhi ilikuwa kwenye ncha ya ulimi tangu alipotamka herufi ya T. Nikapiga kitufe kama napiga hodi kwenye nyumba inayoungua. Hakuna kitu. Dada wa pembeni akajibu Lusaka, akakosa, na hata nafasi ya kurudia ikamwendea mwingine kwa sababu mimi nilikuwa bado nabonyeza, na kila nikibonyeza najifungia tena. Ukitazama kile kipindi utaniona: mwanamke wa koti la zambarau anayetikisa bega kama anapampu tairi. Wateja wangu wanaigiza. Mtoto wa darasa la tatu alikuja kununua rula akaniigiza.

Hapa ndipo zile alama nne zilipokwenda. Mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya umeme kutokatika.

Halafu likaja tangazo, taa zikapungua, akanijia binti wa mapambo ya uso. Asubuhi alinipaka poda huku akiniambia, "Mama angu, usizitazame taa, tazama chini yake, macho yatazoea." Yaliyozoea ni kwa ajili yake. Sasa alikuwa ananifuta jasho, na kwa sauti ya chini akasema, "Mama, mbona unawahi? Ngoja kile kitaa chekundu." Kitaa gani? Akanionyesha kwa ncha ya brashi yake ya poda. Kilikuwa pale siku nzima, kidogo kama punje ya mtama, na mimi nilikuwa nimekikodolea nikidhani ni cha kuonyesha umeme upo.

Mzunguko wa mwisho nilipata maswali matatu mfululizo. Moja lilikuwa mji ambako Tanzania ilipata medali zake mbili za Olimpiki. Nikasubiri mpaka neno la mwisho, moyo unapiga kama ngoma ya mdundiko, kitaa kikawaka, nikabonyeza. Moscow. Mwaka 1980, Bayi na Suleiman Nyambui, fedha zote mbili, na mwaka sikuulizwa, niliwaongezea. Nikamaliza wa tatu. Zawadi yangu ikawa fulana isiyoniingia na sabuni za mdhamini. Mtayarishaji mkuu, mama mtu mzima mwenye heshima zake, akanishika mkono akasema, "Mama, ulichangamka mwishoni." Mwishoni! Nikatafuta kijana mwenye hedifoni nimwambie neno moja tu, nikaambiwa ameshaondoka na gari la wafanyakazi.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba kwenye Jeopardy!, chemsha bongo ya Marekani, ni mtindo huo huo, taa pembeni mwa ubao, na anayewahi anafungiwa robo sekunde. Ilipoanza upya 1984 mtu aliruhusiwa kubonyeza hata katikati ya swali, wakabadilisha msimu uliofuata. Huko washiriki wanajizoeza nyumbani kwa kubofya kalamu ya springi mbele ya televisheni. Kalamu ya springi! Ninazo boksi sita dukani.

Kwa hiyo alama ngapi? Maswali yalikuwa ya haki, hilo nitalisema hata mbele ya kadhi. Nauli walirudisha siku ileile, taslimu. Chakula kilikuwa wali nyama, na nyama ilikuwepo. Nikimwondoa mtu mmoja kwenye hesabu, ni siku ambayo ningeilipia kuiishi tena. Tatizo simwondoi. Nikilala naisikia ile sentensi, na mbaya zaidi naisikia na kile kicheko cha kwenye hedifoni ambacho sikijui kilikuwa cha nani.

Msimu mpya wametangaza wanatafuta washiriki. Nimejaza jina la mdogo wangu, mwuguzi, ana kichwa kizuri na kidole chepesi. Mambo yangu na yule kijana hayamhusu. Kila jioni namsomea maswali, naye anabofya kalamu, na akiwahi kabla sijamaliza namnyima chai. Fundi ameshamshonea nguo tatu za rangi moja moja, buluu, zambarau na udongo. Hazina ua hata moja.