Uzoefu wangu: povidoni-ayodini, krimu ya majeraha ya moto na kipima unyevu kwa chatu mwenye vidonda vya tumboni

Ninafuga chatu mmoja kwa kibali hapa Mikindani, na kila msimu wa mvua alikuwa akirudiwa na ugonjwa uleule wa ngozi: magamba ya tumboni yanageuka rangi ya kahawia, yanaota malengelenge, kisha yanapasuka na kuacha vidonda vinavyonuka. Mara nyingi chanzo ni bakteria wa jamii ya Pseudomonas na Aeromonas, ambao hushambulia ngozi iliyokaa muda mrefu kwenye unyevu na uchafu. Nimetumia dawa mbili na kifaa kimoja, na kila kimoja kina kazi yake.

Povidoni-ayodini ya asilimia 10 inapatikana katika maduka ya dawa ya binadamu hapa Mtwara, na kwa usafishaji wa vidonda nairidhia kabisa. Haitumiki ikiwa kali kama ilivyo kwenye chupa; huchanganywa na maji ya uvuguvugu mpaka yawe na rangi ya chai nyepesi, nyoka akalowekwa kwa dakika 20 hadi 30 katika kina kisichofika kichwani, huku mtu akimsimamia asije akanywa. Baada ya hapo akaushwe kwa kitambaa safi, hasa katika mikunjo ya katikati ya magamba, ambako maji hujificha.

Krimu ya salfadiazini ya fedha ya asilimia 1, ile wanayopakwa watu walioungua moto, ndiyo iliyofunga vidonda. Hupakwa kidogo sana, ngozi ikiwa imekauka. Anayeuziwa krimu nyingine badala yake asome kwanza maandishi ya kwenye boksi, kwani zile zenye dawa ya ganzi zinaweza kumdhuru nyoka.

Safari ya mwisho malengelenge yalikuwa yameenea, nikamwita daktari wa mifugo. Wateja wake wa kila siku ni wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kuku, lakini alikuja akiwa amejiandaa, jambo lililonipa imani kubwa. Alichukua usaha ili bakteria waliomo waoteshwe na kutambuliwa maabara, akampima uzito chatu, kisha akamwanzishia sindano za seftazidimu, antibiotiki ambayo kwa nyoka huweza kutolewa kila baada ya saa 72. Alizichoma nusu ya mbele ya mwili, akanieleza kwamba damu inayotoka upande wa mkia hupita kwenye figo kabla ya kurudi kwenye moyo. Kabla ya kunawa mikono alifunua tandiko, akachota makumbi ya nazi ya chini na kuyakamua, maji yakamchuruzika kiganjani. "Kaka," akaniambia, "dawa itaponya kidonda hiki, lakini tandiko hili litaleta kingine."

Kwa maoni yangu, hapo ndipo thamani ya kipima unyevu cha kidijitali ilipo. Huku kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na nyumba za mawe ya matumbawe hazikauki upesi. Makumbi hukauka juu yakabaki yamelowa chini, kwa hiyo kifaa kinapaswa kukaa usawa wa tandiko, wala si kwenye kifuniko cha boksi analokaa nyoka. Sasa nalenga asilimia 50 hadi 60, na upande wa joto uwe nyuzi 32 hivi, kwa kuwa kinga ya nyoka hudhoofika akikaa kwenye baridi. Wakati wa matibabu nilitandika magazeti tu na kuyabadilisha kila siku. Randa za msonobari sizipendekezi, na maganda ya korosho, ambayo huku hayana bei, yasitumike hata kidogo, kwa sababu mafuta yake huunguza ngozi. Tangu tandiko lidhibitiwe, mvua zimepita bila lengelenge hata moja.

Nyoka ambaye tumbo lake limekuwa jekundu na amelegea asicheleweshwe kwa dawa za kupaka. Bakteria huenda wameshaingia kwenye damu, na huyo ni wa daktari.

Dosari ya vifaa hivi vya bei nafuu ni kwamba havisomi sawasawa vinapotoka dukani. Loweka chumvi ya mezani kidogo tu iwe kama uji mzito, iweke kwenye kifuniko cha chupa, uifungie pamoja na kifaa ndani ya chombo kisichopitisha hewa hadi kesho yake: kinapaswa kusoma asilimia 75. Changu kilisoma juu zaidi, na tofauti hiyo nimeiandika nyuma yake ili niitoe kila ninapokisoma.